Willem Dicke, daktari aliyeutilia shaka mkate

KISANGANI – Kule Lubunga, komini ya ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, siku inaanza kwa chai na mandazi. Wanaovuka kwa pirogi kwenda kazini upande wa pili wa mji wananunua mawili au matatu karibu na bandari na kuyala wakiwa wamesimama. Mchana ni zamu ya lituma, bukari ya muhogo, sombe na samaki. Ngano inakuja kwa meli kutoka nchi za mbali; muhogo na makemba vinatoka shambani.

Mtoto wa Lubunga akiharisha majuma mawili, tumbo likavimba na mikono ikakonda, mama yake anafikiria maji aliyokunywa, minyoo, au kwashiorkor, ile ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaiita bwaki. Mara nyingi sana mama huyo ana haki. Lakini siku hizi neno jipya limeingia katika simu zetu: gluteni. Kuna wanaoacha mkate kwa sababu yake, wengine wanaacha na maziwa, na wengi wao hawajapimwa na mtu yeyote.

Neno hilo lilitoka wapi? Kuna Mholanzi mmoja, munganga wa watoto, aliyekufa miaka zaidi ya 60 iliyopita, ambaye bila yeye tusingejua kama mkate unaweza kumdhuru mtu. Jina lake ni Willem Karel Dicke. Maisha yake yanafaa kusomwa, si kwa sababu ya ugunduzi peke yake, bali kwa namna alivyoufikia: polepole, na mzani mkononi.

Ugonjwa usio na dawa

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Waganga wa Ugiriki ya kale waliufahamu, na jina lake la leo, seliaki, linatokana na neno lao la tumbo. Mwaka 1888 Mwingereza Samuel Gee aliuandika vizuri kuliko wote waliomtangulia: mtoto anaanza vizuri, halafu kati ya mwaka mmoja na mitano anaanza kutoa choo kingi, cheupe, chenye kunuka, anadhoofika, tumbo linakuwa kubwa, hakui. Gee alisema waziwazi kwamba kama kuna kupona, kutatokana na chakula. Alisimulia hata juu ya mtoto aliyelishwa kila siku kome wa Uholanzi, wale viumbe wa baharini wenye magamba mawili, akastawi ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, akarudi chini. Mwaka uliofuata alikataa kabisa kuwala. Nani angemlaumu?

Gee alikuwa amefika mlangoni bila kuingia. Kome walimfaa mtoto yule kwa sababu ya kile kilichokosekana kwenye sahani yake.

Huko New York, mwaka 1924, daktari Sidney Haas alitangaza dawa nyingine: ndizi. Kati ya watoto kumi aliowaandika, wanane walilishwa ndizi wakapona, wawili ambao hawakulishwa hivyo walikufa. Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani na Ulaya walihangaika kutafuta ndizi kwa ajili ya watoto wao, na msomaji wa Kisangani, ambaye anaona makemba yakishushwa kila siku bandarini, anaweza kutabasamu. Haas alikuwa ameondoa mkate kwenye chakula cha watoto wale, lakini alidhani ndizi ndiyo yenye nguvu ya kuponya. Alidhani pia kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia mkate. Wengi walirudia, na ugonjwa ukarudi pamoja nao.

Hali ilikuwa hivyo Dicke alipoanza kazi. Katika baadhi ya hospitali karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye ugonjwa huo alikuwa anakufa.

Kijana wa Dordrecht

Dicke alizaliwa Dordrecht, kusini-magharibi mwa Uholanzi, mwezi wa pili mwaka 1905. Alisoma utabibu katika chuo kikuu cha Leiden kuanzia 1922 hadi 1929, kisha akaenda The Hague kujifunza utabibu wa watoto katika hospitali ya watoto ya Juliana. Mwaka 1936, akiwa na miaka 31 tu, alifanywa mkurugenzi wa hospitali hiyo.

Kabla yake, mkuu wa hospitali, daktari Stheeman, alikuwa tayari ameona kwamba baadhi ya watoto wanazidiwa wakila mkate. Ilikuwa ni habari iliyosemwa kati ya waganga, si jambo lililothibitishwa. Kisha akatokea mama mmoja. Historia haikutunza jina lake, na hilo linasikitisha kidogo, maana alichosema kilikuwa na uzito kuliko vitabu vingi. Mtoto wake alikuwa na seliaki. Mama aliona kwamba akimnyima mkate, vipele vya mtoto vinapungua upesi. Akimrudishia, vinatoka tena.

Munganga mwingine angemwambia mama aendelee na dawa alizoandikiwa. Dicke alisikiliza. Kati ya 1934 na 1936, kadiri ya ushuhuda wa familia yake, akaanza kuwalisha baadhi ya watoto bila ngano.

Hapa ndipo alipojitofautisha na Haas. Mtu akiondoa chakula fulani na mgonjwa akapata nafuu, bado hajajua kitu. Huenda mgonjwa angepona tu. Huenda ni dawa nyingine, au maji safi ya hospitali, au mapumziko. Dicke aliondoa ngano, akasubiri, akampima mtoto uzito. Halafu akairudisha, akapima tena. Kisha akaiondoa mara ya pili. Watoto hao aliwafuata kwa miaka, si kwa majuma, na mistari ya uzito na urefu wao ilipanda pale ngano ilipoondolewa na kushuka au kusimama pale iliporudishwa.

Kurudisha chakula unachodhani ni sumu kwa mtoto ambaye ameanza kupata nafuu si jambo jepesi, wala leo mzazi hapaswi kulifanya peke yake nyumbani. Lakini bila hatua hiyo ingebaki dhana kama ile ya ndizi.

Mwaka 1941, nchi yake ikiwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani, Dicke alichapisha katika gazeti la waganga la Uholanzi maelezo ya chakula kisicho na ngano kwa watoto wenye seliaki. Kiliandikwa kwa Kiholanzi, katikati ya vita. Ulimwengu wa nje haukusikia kitu.

Majira ya njaa

Tunataja mwaka huo, 1941, kwa sababu hadithi inayopendwa zaidi juu ya Dicke inasema vingine. Inasema wazo lilimjia wakati wa njaa ya vita, alipoona mkate umekosekana na watoto wake wanapona. Ni hadithi tamu, lakini wazo lilikuwa limemjia miaka mingi kabla. Kile njaa ilichofanya ni kumpa jaribio ambalo hakuna munganga mwenye roho angethubutu kulipanga.

Mwezi wa tisa 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kusaidia majeshi yaliyokuwa yanakuja kukomboa nchi. Wajerumani walilipiza kwa kuzuia vyakula kuingia magharibi, ambako ndiko iliko The Hague. Baridi ikagandisha mifereji, mashua zikakwama. Chakula cha mtu mmoja kwa siku mjini kilishuka chini ya kalori 1,000, na baadaye chini zaidi. Watu walikula viazi-sukari vya kutengenezea sukari na hata vitunguu vya maua ya tulipu. Waliokufa kwa njaa wanakadiriwa kuwa karibu 20,000. Waholanzi wanakiita kipindi hicho hadi leo baridi ya njaa. Wakaaji wa Kisangani walioishi vita vya siku sita mwaka 2000, wakiwa wamefungiwa nyumbani bila chakula wakati Rwanda na Uganda zinapigana mjini, hawahitaji kuelezwa sana.

Katika hospitali ya Juliana watoto wote walikonda, isipokuwa kundi moja dogo. Wale wa seliaki, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kufa, walikuwa na hali nzuri kuliko awali, wakila vyakula ambavyo si nafaka. Mwanzoni mwa 1945 msaada ukaanza kuingia, na farini ya ngano ya Sweden ikaokwa mikate myeupe. Kwa wenye njaa ilikuwa sikukuu. Watoto wa Dicke walipopata mkate huo, kuhara kukarudi.

Kwetu sisi tunaoandika habari, picha ya mkate wa msaada unaomgonjesha mtoto inavutia kuliko mstari wa uzito kwenye karatasi. Kwa Dicke ilikuwa kinyume. Njaa ilimwondolea shaka yeye, lakini hakuweza kuitumia kuwashawishi wengine: wakati wa njaa kila kitu kimebadilika kwa pamoja, na mtu mwenye kubisha anaweza kusema sababu ni nyingine. Alihitaji vipimo.

Kupima mafuta

Baada ya vita alivipata Utrecht. Huko alifanya kazi na daktari wa watoto Weijers na mkemia van de Kamer, ambaye alikuwa ametengeneza njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo kwenye choo. Si kazi ya heshima kuisimulia mezani. Lakini utumbo mzima unanyonya karibu mafuta yote ya chakula; ukiharibika, mafuta yanapita na kutoka. Basi ukimpa mtoto chakula kilekile kila siku, ukabadilisha nafaka tu, kiasi cha mafuta chooni kinakuambia nafaka ipi inamdhuru, hata kabla hajakonda.

Waliona kwamba ngano inadhuru, na rai, ile nafaka ya mkate mweusi wa Ulaya, inadhuru vilevile. Mchele haudhuru. Mahindi hayadhuru. Viazi havidhuru. Kitu cha ajabu zaidi: wanga uliotolewa ndani ya ngano yenyewe na kusafishwa nao haukudhuru. Kwa hiyo sumu haikuwa kwenye wanga, kama waganga wengi walivyoamini, wala wingi wa chakula haukuwa tatizo. Ilikuwa kwenye ile protini inayoufanya unga uvutike kama mpira unapokandwa, gluteni.

Mwaka 1950 Dicke alitoa matokeo yake kama tasnifu ya udaktari katika chuo kikuu cha Utrecht. Alikuwa na miaka 45 na tayari alikuwa ameongoza hospitali kwa miaka 14. Tasnifu nayo ilikuwa kwa Kiholanzi. Mwaka 1952 Charlotte Anderson na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walithibitisha kwa wagonjwa wao wenyewe, na mwaka 1953 Dicke, Weijers na van de Kamer walichapisha kwa Kiingereza. Ndipo dunia ilipoanza kuamini. Haas, yule wa ndizi, alipinga hadi mwisho.

Miaka michache baadaye waganga waliweza kupitisha mpira mwembamba mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo na kuchukua kipande cha nyama. Waliona kilichokuwa kinatokea. Utumbo mdogo umejaa vidole vidogo vinavyonyonya chakula. Kwa mgonjwa wa seliaki anayekula ngano, vidole hivyo vimelala, vimeisha, kama bustani iliyopitiwa na mbuzi. Ngano ikiondolewa, vinaota tena. Leo tunajua ni askari wa mwili wenyewe wanaoushambulia utumbo wakichochewa na gluteni, na kwamba hali hiyo inarithiwa katika familia.

Je, na sisi?

Katika Ulaya mtu mmoja kati ya mia moja hivi ana seliaki. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1999 watafiti wa Italia walipima watoto 989 wa Sahara Magharibi na kukuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanao, kiwango kikubwa kuliko popote kilipowahi kupimwa. Ni watu ambao chakula chao cha zamani kilikuwa maziwa na nyama ya ngamia, na ambao mkate umekuwa chakula chao kikuu siku hizi za karibuni. Kusini mwa Sahara vipimo vilivyofanyika ni vichache.

Kwa mkaaji wa Lubunga kuna faida ambayo Mholanzi hana. Lituma, bukari ya muhogo au ya mahindi, mchele, makemba, maharagwe, samaki, sombe: hakuna gluteni hata kidogo. Mgonjwa wa Utrecht lazima abadilishe maisha yake yote. Wa Lubunga anaacha mkate, mandazi, biskuti, makaroni na bia ya shayiri, basi. Awe macho tu na mkate uliochanganywa na farini ya muhogo, kwani ngano bado imo.

Lakini kabla ya kuacha chochote, apimwe. Kuna kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu, na munganga akiona ni lazima, kinafuatiwa na kipande cha utumbo. Hapa wengi wanakosea: wanaacha mkate kwanza, wanapata nafuu kidogo, halafu wanaenda kupimwa. Damu inatoka safi, kwa sababu mwili umeacha kupigana. Kipimo kinasema ukweli pale tu mtu anapoendelea kula ngano. Na mtoto anayeharisha apimwe kwanza minyoo, amiba na malaria, ambazo kwetu zinaua watoto kuliko gluteni, na apewe maji ya chumvi na sukari bila kungoja.

Maziwa ni habari nyingine, ingawa watu wanayaweka kwenye kapu moja na mkate. Anayevimbiwa na kuharisha akinywa maziwa mara nyingi hana ugonjwa. Utumbo wa mtoto mchanga unatoa kimeng'enyo cha kusaga sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kinapungua baada ya kuacha kunyonya. Mwaka 1966, jirani zetu wa Kampala ndio waliosaidia kulielewa jambo hili: daktari Cook na mwenzake Kajubi waliwapima watu wa Uganda na kukuta kwamba Waganda wengi watu wazima hawana tena kimeng'enyo hicho, lakini wafugaji wa Kihima na Watutsi wengi bado wanacho. Wengi wetu tuliokulia msituni bila ng'ombe tuko kama Waganda hao.

Utumbo wa mtu huyo haujaharibika. Aache maziwa majuma mawili, aone, ayarudie, aone. Kwa mtu mzima mwenye afya njia hii ya Dicke ya kuondoa na kurudisha inaweza kufanyika nyumbani bila hatari. Wengi watakuta kwamba kikombe cha chai ya maziwa hakiwasumbui, glasi mbili ndizo zinazosumbua, na kwamba maziwa ya kuganda au fromaji ya Masisi, ambayo kwa bahati inafanana na ile ya Uholanzi, inapita salama. Mtoto mchanga asiachishwe ziwa la mama kwa sababu hiyo. Wala mzazi asikatae kile chakula cha karanga na maziwa ya unga kinachotolewa kwenye kituo cha afya kwa mtoto mwenye utapiamlo, kwa kuwa tu jirani amesema maziwa yanaharisha.

Miaka ya mwisho

Dicke hakutajirika kwa ugunduzi wake. Hakuna kiwanda kinachoweza kuuza dawa ambayo ni kuacha kununua mkate. Mwaka 1957 aliteuliwa profesa wa utabibu wa watoto Utrecht na mkurugenzi wa hospitali ya watoto ya Wilhelmina. Hakukaa muda mrefu kwenye kiti hicho. Alifariki mwezi wa nne 1962, akiwa na miaka 57.

Chama cha waganga wa tumbo cha Uholanzi kilianzisha medali ya dhahabu yenye jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa yeye mwenyewe. Watoto aliowapima uzito The Hague kabla ya vita walikuwa wakati huo watu wazima, wengi wakiwa na watoto wao, na walikuwa bado hawali mkate.